Shajara ya mradi: sauti ya wakazi katika mpango wa kuujenga upya mtaa wa nyumba za Kiswahili, Mombasa

Mtaa wenyewe uko kisiwani, upande unaoteremka kuelekea hori (mkono wa bahari) ya Tudor. Kaunti inaandaa mpango wa eneo: barabara, mitaro, maji taka, na maghorofa mahali pa baadhi ya nyumba za zamani. Kamati ya mtaa imejipa kazi moja, kwamba kabla mstari wowote haujachorwa, wakazi wawe na hesabu zao wenyewe, zilizopimwa na kuandikwa, za kuweka mezani. Tunaandika hapa hatua zilizopitiwa, vipimo, na yanayokwamisha, ili mtaa mwingine ukianza kazi kama hii uwe na pa kushika.

Januari: orodha ya watu kwanza, ramani baadaye

Nyumba ya Kiswahili haionekani ilivyo kwenye picha ya setilaiti. Kutoka juu ni paa moja la mabati. Ndani kuna ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma wenye jiko, bafu na choo, na baraza mbele. Vyumba 6 vinaweza kuwa familia 6. Ardhi ni ya mtu mmoja anayepokea kodi ya kiwanja, kuta na paa ni mali ya mwingine, vyumba vina wapangaji, na barazani yupo fundi cherehani au mama wa mahamri anayelipia nafasi yake. Mtindo huu wa nyumba bila ardhi ni wa siku nyingi Mombasa, na ndio unaoifanya kazi hii iwe tofauti na ile ya nyumba za kaunti kama Buxton au Mzizima, ambako ardhi ni ya umma na wapangaji wamo kwenye daftari la kaunti. Hapa daftari la namna hiyo halipo. Asiyeandikwa sasa, siku ya fidia au ya kuhamishwa atakuwa hana pa kushtakia.

Kwa hiyo fomu ni nne: mwenye ardhi, mwenye nyumba, mpangaji, mwenye biashara. Nyumba moja hujaziwa zote nne hata kama majina mawili ni ya mtu mmoja. Wenye nyumba wengi huamini kwamba kwa kukosa hati ya ardhi hawana la kudai. Kwao tunasoma Katiba ya 2010, ibara ya 40(4), inayoruhusu sheria kuweka malipo kwa mtu anayekalia ardhi kwa nia njema hata kama hana hati. Si ahadi ya fidia, lakini ni mlango, na ushahidi wa kuupitia mlango huo ni fomu iliyojazwa mapema.

Kila nyumba hupewa namba: herufi ya kichochoro, namba ya nyumba, namba ya chumba. C-14/3 ni chumba cha tatu, nyumba ya 14, kichochoro C. Namba huandikwa ndogo, kwa rangi ya buluu, kwenye mwimo wa mlango. Rangi nyekundu isitumike kabisa, wala alama ya X. Nchini kote watu wanajua X nyekundu ukutani maana yake ni tingatinga, na mtaa ukiingiwa na hofu hiyo hakuna mlango utakaofunguliwa.

Februari: kuhesabu milango

Wanaohesabu huenda wawili wawili, mmoja wa kichochoro hicho na mmoja wa kichochoro kingine. Wa kichochoro hicho anajua nani anakaa wapi, na wa nje anazuia jina la jamaa kuongezwa. Katika kila jozi awemo mwanamke, kwa sababu mwanamume mgeni haingii uani, na choo, kisima na jiko viko uani.

Saa ya kuhesabu ndiyo inayoamua kama hesabu ni ya kweli. Asubuhi wapangaji wako bandarini, viwandani, sokoni Kongowea au kwenye tuktuk. Fomu zilizojazwa mchana huonyesha wenye nyumba wengi na wapangaji wachache, ilhali wapangaji ndio wengi. Saa zinazofaa ni kuanzia baada ya Alasiri hadi kabla ya Isha, na Jumapili. Ijumaa mchana hapafanyiki kitu.

Fomu ziko kwenye simu kwa KoboToolbox, ambayo hujazwa bila intaneti na kutumwa jioni mtandao ukipatikana. Jina na namba ya kitambulisho haziandikwi mpaka mtu aelezwe zitatumiwa wapi na akubali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka hivyo, na zaidi ya sheria, wapangaji wana sababu ya kuogopa orodha.

Mambo matatu huharibu hesabu. La kwanza ni wageni: habari ya mradi ikisikika, vibanda huchipuka na vyumba hugawanywa kwa plaiwudi. Dawa yake ni tarehe ya kufunga orodha, itangazwe misikitini, makanisani, madukani na kwenye vituo vya maji kabla haijafika, na kila fomu ibebe picha ya mlango. La pili ni mwenye nyumba kujibu kwa niaba ya wapangaji. Fomu ya mpangaji hujazwa na mpangaji peke yake, basi. La tatu ni simu kukosea mahali. Katikati ya kuta na mabati, GPS ya simu inaweza kupotea mita kadhaa, na kichochoro chenyewe ni mita 3; nyumba ya mkono wa kulia huonekana kushoto. GPS tumeiachia pembe za mtaa na njia panda peke yake. Vipimo vingine vyote ni vya utepe wa mita 30, watu wawili wakivuta na wa tatu akiandika.

Ramani imechapwa kwa kipimo cha 1:500. Karatasi moja ya A0 hubeba eneo la karibu mita 594 kwa 420, na nyumba ya mita 10 kwa 15 huwa na ukubwa wa sentimita 2 kwa 3, ya kutosha kuandikwa namba na kuguswa kwa kidole. Kwa 1:2,500, kipimo ambacho ramani za mji huja nacho mara nyingi, nyumba hiyo ni milimita 4 kwa 6. Mkazi hawezi kuiona nyumba yake, na asipoiona hana la kusema.

Machi: Ramadhani, na barua ya kuomba nyaraka

Mikutano imesimama hadi Idd. Vikao vidogo vya baada ya tarawehi vinaendelea mabarazani, bila kamera na bila orodha za sahihi.

Mwezi huu umetumika kuomba nyaraka. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa ofisa siku 21 za kujibu, inaruhusu barua iandikwe kwa Kiswahili, na kuomba kwenyewe hakulipiwi. Kinacholipiwa ni nakala. Barua isiyotaja vitu hujibiwa kwa maneno matupu, kwa hiyo tumeorodhesha: ramani ya upimaji wa viwanja, rasimu ya mpango, mchoro wa mabomba ya maji taka yaliyopo, makisio ya gharama kwa kila chaguo, na jina la mfuko utakaotoa fedha. Nakala ya barua imepigwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Bila muhuri huo siku 21 hazina pa kuanzia, wala rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala haina mguu.

Neno "chaguo" kwenye barua hiyo limewekwa kwa makusudi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 115, inasema kwamba katika kupanga, wananchi wapewe taarifa wazi, zikiwemo chaguo mbalimbali za maendeleo na gharama zake. Mpango unaoletwa ukiwa na mchoro mmoja tu, watu wakaulizwa "mnaukubali?", haujafika pale sheria inapotaka ufike. Hili tunalirudia kila kikao na tutaendelea kulirudia.

Aprili na Mei: masika, kupima maji

Mvua inapima mtaa kuliko mtaalamu yeyote. Vichochoro vyote vimewekewa alama: kila baada ya mvua kubwa, mkazi wa nyumba ya pembeni huchora mstari wa chaki ukutani palipofika maji, hupima kwa rula kutoka chini, hupiga picha rula ikiwa bado ukutani, na kutuma na saa. Picha isiyo na rula haina kazi. Injinia ataiona kama dimbwi tu.

Mteremko umepimwa kwa mpira wa maji unaopitisha mwanga, wa mita 10, ule mafundi wa nyumba wanaotumia kusawazisha msingi. Mpira ukiwa na kiputo cha hewa hutoa jibu la uongo, na kiputo hujificha pale mpira ulipojikunja. Ujazwe taratibu, kisha ncha mbili ziwekwe pamoja kwanza kuhakikisha maji yamelingana.

Jambo lililojitokeza, na ambalo halimo kwenye rasimu, ni bahari. Mtaro wa maji ya mvua unahitaji kushuka angalau milimita 5 kwa kila mita. Mtaro wa mita 200 hushuka mita 1 nzima. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hapa Mombasa hupanda zaidi ya mita 3 kutoka kupwa hadi kujaa. Mtu akija kukagua mdomo wa mtaro maji yakiwa yamekupwa, au siku za maji mafu, yanapopanda kidogo, ataona pakavu na kuandika kwamba njia iko wazi. Mvua ya Mei ikikutana na bamvua ya kujaa, mdomo uko chini ya maji na mtaro mzima unarudi nyuma hadi uani kwa watu. Wavuvi wa hori walilisema hili kikao cha kwanza, nao ndio waliotupa siku na saa za kwenda kupima. Pendekezo lililoandikwa: mdomo uinuliwe juu ya alama ya bamvua, na mahali pasipowezekana uwekewe kifuniko kinachofunguka upande mmoja, pamoja na bajeti ya kukisafisha, kwa kuwa mfuko mmoja wa plastiki ukinasa kifuniko hakifungi.

Vyoo: chini ya mtaa ni jiwe la matumbawe, lina matundu, na maji machafu ya shimo husafiri ndani yake. Kanuni ya kawaida ni kisima kiwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye shimo la choo. Kwa viwanja vya upana wa mita 10 haiwezekani. Bomba la maji taka ndilo la kwanza kwenye orodha ya mtaa, juu ya barabara. Wataalamu hutarajia watu waombe lami kwanza, hapa hawakuomba.

Juni: upana wa barabara

Hapa ndipo mpango unapoamuliwa, na hapa ndipo wakazi huachwa nyuma, kwa kuwa upana huandikwa kama namba ndogo pembeni mwa ramani. Tuliigeuza namba hiyo kuwa milango.

Chukua kichochoro cha mita 100, upana mita 3, nyumba 10 kila upande, kila moja ikiwa na uso wa mita 10. Baraza ni mita 1.5. Nyuma yake kuna vyumba viwili vya mbele, kila kimoja kikienda ndani mita 3.

Kikipanuliwa hadi mita 9, kila upande unatoa mita 3. Baraza zote 20 zinaondoka, na vyumba vya mbele vinakatwa nusu. Chumba cha mita 1.5 hakilaliki. Vyumba 40 vinakufa, yaani familia 40 kwa kila mita 100, bila kuhesabu nyumba ambazo paa lake haliwezi kusimama ukuta wa mbele ukiondolewa.

Kikipanuliwa hadi mita 6, kila upande unatoa mita 1.5. Baraza 20 zinaondoka, na hakuna chumba kinachokatwa.

Chaguo la tatu linatoka kwa wakazi wenyewe: vichochoro vingi vibaki mita 3, vitengenezewe sakafu na mtaro wa kati, kwa ajili ya watembea kwa miguu, mikokoteni na bodaboda, na njia chache tu zipanuliwe kufikia mita 9, zikiwa zimepangwa ili nyumba yoyote isiwe mbali zaidi ya mita 60 kutoka pale gari la zimamoto linapoweza kusimama. Gari hilo lina upana wa karibu mita 2.5, na mipira yake huunganishwa kipande kwa kipande. Chaguo hili halina maana bila bomba la zimamoto kwenye kila njia iliyopanuliwa, lenye maji. Tumelifunga pamoja kama sharti, lisichukuliwe nusu.

Baraza nayo ihesabiwe kama mali. Ni duka, ni karakana, ni mahali mgeni mwanamume anapopokelewa bila kuingia ndani, ni pa wazee kukaa jioni. Nyumba inayopoteza baraza imepoteza kipato na heshima yake ya mbele, hata kama vyumba vyote 6 vimebaki. Safu ya "hasara ndogo" kwenye rasimu imekataliwa kwa maandishi.

Namna ya kujadili: kamba mbili na chokaa. Mistari ya mita 3, 6 na 9 imechorwa chini, juu ya kichochoro chenyewe na kupanda ukutani. Watu waliokuwa wakisema "tunataka barabara kubwa" huuona mstari ukipita katikati ya kitanda cha jirani. Wengine wamebaki na msimamo wao, wakiwa na sababu nzuri ya gari la wagonjwa kufika mlangoni. Mjadala wa namna hiyo ndio tunaoutaka, wa watu wanaoona wanachochagua.

Mukuru, Nairobi, iliyotangazwa eneo maalumu la upangaji mwaka 2017, ilikutana na swali hilihili la upana wa njia katika makazi yaliyosongamana. Tumechukua kwao pia mpangilio wa watu: kaya 10 hufanya kikundi, na vikundi 10 hufanya kundi la kaya 100, kila ngazi ikiwa na msemaji wake.

Julai: mikutano, na karatasi zake

Watu 300 katika uwanja mmoja, kila mmoja akipewa dakika 2, ni saa 10. Mkutano wa saa 3 huwasikia watu wachache, na hao ni walewale kila mara. Mkutano mkubwa tumeuacha uwe wa kutangaza tu. Maoni yanachukuliwa kwenye meza za watu 10, ramani ya 1:500 katikati. Wapangaji wana meza zao, mbali na wenye nyumba, kwa sababu mpangaji hatasema mbele ya mwenye nyumba kwamba choo kimejaa. Kina mama wana meza zao uani. Muhtasari wa rasimu umeandikwa kwa Kiswahili, kurasa 4, na umesambazwa wiki moja kabla ya kikao. Unaogawiwa mlangoni haujasomwa na mtu.

Orodha ya mahudhurio ndiyo karatasi ya hatari kuliko zote. Karatasi yenye majina na sahihi bila kichwa inaweza kubandikwa nyuma ya ripoti yoyote na kusomwa kuwa wakazi wamekubali. Kila ukurasa wetu una mada, mahali, tarehe, namba ya ukurasa, na mstari huu juu: "Sahihi hii ni ya kuhudhuria, si ya kukubali mpango." Nafasi zilizobaki wazi chini hupigwa mstari. Kila ukurasa hupigwa picha kabla haujatoka chumbani, na nakala moja hubaki mtaani.

Daftari la maoni lina safu saba: namba, mlango, oni, meza, ofisi inayopaswa kujibu, jibu, sababu. Jibu ni moja kati ya matatu: limekubaliwa, limekubaliwa kwa sehemu, limekataliwa. Safu ya sababu haiachwi tupu. Wakazi wanavumilia kukataliwa kuliko kunyamaziwa, na kaunti yenyewe hupata kitu cha kuonyesha ikiulizwa.

Tathmini ya athari za mazingira ina kanuni zake, za 2003: angalau mikutano 3 na wanaoathirika, notisi zitoke si chini ya wiki moja kabla, tangazo gazetini kwa wiki mbili mfululizo na redioni. Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu ilifutwa mwaka 2019 na Jopo la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal), moja ya sababu ikiwa ni wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Anayetaka mradi udumu ana sababu ya kuzifuata kanuni hizi kuliko hata anayeupinga.

Suala la kuhama limechukua muda mwingi kuliko mada nyingine yoyote. Sheria ya Ardhi, baada ya marekebisho ya 2016, inataka notisi ya maandishi isiyopungua miezi 3 hata kwa watu wanaohesabiwa kukalia ardhi kinyume cha sheria. Mpangaji anayelipa kodi asipewe pungufu ya hapo. Msimamo wa meza zote ni kujenga kwa awamu: jengo la kwanza liinuke kwenye kiwanja kilicho wazi, wakazi wa kichochoro kimoja wahamie, ndipo nyumba zao zibomolewe. Na anayekaanga viazi karai au kushona barazani apewe nafasi ya chini. Biashara ya asubuhi haipandi ngazi hadi ghorofa ya nne.

Agosti: kuingiza kwenye bajeti

Mpango usio na fedha ni karatasi. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka lazima ufike kwenye bunge la kaunti si baada ya tarehe 1 Septemba, taarifa ya sera ya fedha si baada ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti si baada ya 30 Aprili. Maoni ya mtaa yanayoletwa Oktoba yamechelewa mwaka mzima. Kwa hiyo yamevunjwa kuwa mistari ambayo ofisi ya fedha inaweza kuinakili: kazi gani, kichochoro kipi, mita ngapi, idara ipi. "Tuboreshewe mitaro" imeachwa. Imeandikwa: "Mtaro wenye vifuniko, kichochoro C hadi hori, mita 200, mdomo juu ya alama ya bamvua." Nakala zimepelekwa kwa msimamizi wa wadi, kwa mwakilishi wadi na kwa karani wa bunge la kaunti, zote zikigongwa muhuri.

Yaliyobaki wazi: kiwanja kimoja chenye makaburi na mbuyu kinasemwa ni wakfu, na mpaka Tume ya Wakf ijibu kwa barua kimewekewa mstari wa kijani kwenye ramani, kisiguswe na mchoro wowote. Gharama za chaguo la tatu la barabara bado hazijaletwa. Barua ya pili imeandikwa. Vipimo vya mdomo wa mtaro vitarudiwa bamvua ya mwezi ujao, saa ya maji kujaa, na injinia akiwepo. Orodha ya wapangaji itahakikiwa tena Novemba, kwa kuwa wapangaji huhama na orodha ya Februari haitakuwa sahihi hadi siku ya kulipwa.